Hapana Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Machi
Mgongo umegoma tena. Miaka kumi na moja ugenini nimeshika grenda, nasaga vyuma, sasa hata kamba za viatu sifungi. Msimamizi kasema kuna kazi ya stoo, ya kukaa kwenye kiti. Kiti! Ila nipeleke majibu ya MRI, ile picha ya mgongo, kabla ya Ijumaa. La sivyo anampa Twiga, tunayelala naye chumba kimoja. Mgongo wa Twiga mzima kabisa. Anacheka sana siku hizi.

Jumanne, 4 Machi
Hospitali wamenipa fomu ya kujaza nyumbani. Maswali kumi na manne. Je, umewahi kuingiwa na chembe ya chuma jichoni? Nimewahi, mwaka juzi, la kushoto. Ilijikalia humo, nami nikaendelea na kazi. Mama watoto kwenye simu akasisitiza niwaambie. Nikamwambia mwenye mgongo ni mimi. Leo nimemwona mtu aliyejibu Ndiyo akirudishwa nyumbani. Mpango: Hapana, juu mpaka chini. Akili nyingi!

Jumatano, 5 Machi
Nimevua mkanda, saa, pete. Mlangoni dada wa mashine akasoma fomu, akasimama. Akauliza mbona swali la mwisho, la kama nimeelewa maswali, nalo nimejibu Hapana. Aibu! Akatazama makovu ya cheche mikononi mwangu.
"Kaka, wewe unasaga chuma?"
Nikaificha mikono mfukoni.
"Basi huingii. Ile ni sumaku, na haizimwi. Chembe ikisogea, jicho limekwenda."
Eksirei ikaionyesha, ndogo kama punje ya chumvi. Nikalia mbele za watu. Foleni ilifika nje; angeweza kunipitisha tu. Mungu amzidishie. Jicho hili nalihitaji, watoto wangu sijawaona tangu mdogo hajaota meno.

Alhamisi, 6 Machi
Twiga kapewa kiti. Kaniletea chai kitandani, kasema anakishikilia tu mpaka nipone. Siku tatu namtukana moyoni! Nimeyafuta yote.

Ijumaa, 7 Machi
Leo wananitoa chembe, kwa dawa ya usingizi. Nimeapa: watu wema hivi siwadanganyi tena. Fomu inauliza kama nimekula chochote tangu jana usiku, eti aliyeshiba hupaliwa usingizini. Viazi sahani nzima, na mayai aliyonikaangia Twiga. Lakini daktari keshavaa glavu. Nimcheleweshe mtu mwema vile? Nimeandika Hapana.
Ila swali la mwisho, la kama nimeelewa, safari hii nimejibu Ndiyo.