Kumi na Sita ya Njano

Jumatatu, 3 Machi
Nimeiua redio ya ofisi. Si makusudi! Nilitaka tu kujua kwa nini redio za baharini huelea. Nikafungua skrubu nne. Ndani hamna maajabu, ila mpira mwembamba unaozuia maji. Mpira ukagoma kurudi mahali pake. Nikaijaribu kwenye ndoo ya maji. Kimya. Jumatano anakuja mkaguzi, na mimi, mtunza stoo, ndiye ninayetajwa kuwa msimamizi mpya wa gati. Msimamizi aliyeua redio? Labda ndotoni.

Jumanne, 4 Machi
Akili imefunguka. Redio ya pili iko kwenye boti ya shemeji, kaka wa mke wangu, anayevusha wafanyakazi wa machimbo. Kesho naichukua kimyakimya, namwonyesha mkaguzi. Shemeji nitampa moja ya zile za walinzi wa geti. Nimeipaka rangi ya njano, ifanane na za baharini. Imetoka kama bibi harusi. Na la msingi: shemeji huhubiri kila siku kwamba chaneli ya 16 ndiyo ya hatari, vyombo vyote huisikiliza. Ya walinzi nayo ina 16! Nimeita. Mlinzi wa geti kaitika papo hapo, sauti safi. Kumi na sita ni kumi na sita.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji aliishika, akasema mbona nyepesi. Nikamwambia toleo jipya. Akauliza kama imejaribiwa. Nikaapa imejaribiwa, na hapo sikusema uongo. Akanipiga begani, akasema mwenye shemeji kama mimi hana haja ya kukagua mara mbili. Wafanyakazi saba wakapanda, wakaondoka.
Mkaguzi alifika saa nne. Nikasimama na redio halisi kiunoni, kifua mbele. Akauliza mbona iko kimya hivyo. Nikajibu kwamba ukimya ndio ushahidi wa usalama. Akaandika! Nusura nimkumbatie.
Saa tisa sasa. Boti haijarudi.

Alhamisi, 6 Machi
Wamepatikana wote wanane, wazima. Injini ilizima, mkondo ukawabeba. Shemeji akaita kwenye 16. Hakuna meli iliyosikia. Kumbe 16 ya walinzi iko masafa mengine kabisa. Zimefanana namba tu. Aliyesikia ni mlinzi wa geti, kabla hawajafika mbali. Shemeji alimwambia wanachukuliwa na maji. Mlinzi akamjibu magari ya maji yapitie geti la pili. Baadaye sauti ikakatika. Mwishowe redio ikamponyoka. Ya baharini ingeelea na kuwasha taa. Yangu ilizama, ikamwachia rangi viganjani. Meli ya mchanga iliwaona kwa bahati tu, wakipunga shati.

Jumamosi, 8 Machi
Siku mbili mke wangu hajanisemesha. Leo kanisemesha. Kaka yake alipoona hajibiwi, aliendelea kubonyeza kitufe na kutaja wanawe, mmoja mmoja, ili kama kuna anayesikia awafikishie salamu zake. Saa nzima! Na mimi muda huo nilikuwa natembea gatini na redio kiunoni.
Nililia. Kweli nililia. Nikaenda kwa shemeji, nikapiga magoti. Hakufoka. Alisema tu ningemwambia redio ni mbovu, angebaki gatini. Heri angenizaba kofi. Nimeapa mbele ya mke wangu: sitaficha tena kitu kibovu maisha yangu yote.

Jumatatu, 10 Machi
Usimamizi umeota mbawa. Nimehamishiwa ghala la mafuta, kutunza mitungi ya kuzimia moto. Mkaguzi anarudi Ijumaa. Nimeikagua mitungi yote, moyo mweupe kabisa. Mtungi wa tatu, mshale wa kipimo cha presha uko kwenye nyekundu. Hauwezi kuzima hata kiberiti. Nimekaa mbele yake muda mrefu, nikimfikiria shemeji na wanawe. Machozi yakanilenga.
Kisha nikagundua kioo cha kipimo kinafunguka kwa ncha ya kisu. Mshale wenyewe unasogea kirahisi sana.