Diski Iliyochomwa Bila Kibali

Umma unaarifiwa kwamba mwaka wa 1999 Kakamega iliingia rasmi katika enzi ya kompyuta saa nne na dakika kumi asubuhi, na ikakwama saa nne na robo. Nilikuwa Katibu Msaidizi wa Kitengo cha Viwanja, kwa hiyo nasema nikiwa na kumbukumbu za kikao mkononi.

Kitengo kilikuwa na laptopu moja. Mkuu wetu, Bwana Osundwa, aliifunika kwa kitambaa cha kufuma na kuagiza isiguswe na mtu wa daraja la chini. Siku hiyo mpima ardhi alituachia diski yenye majina ya waliovamia kiwanja cha kujengea zahanati ya Navakholo, akarudi Nairobi. Mkuu akaitumbukiza. Laptopu ikavuma, ikakohoa, ikanyamaza.

"Hii kitu ilitengenezwaje?" Mkuu akauliza.

"Ilichomwa, Mkubwa," akajibu Phoebe, mpiga chapa wetu.

"Ilichomwa! Na nani? Kwa kibali gani?"

Phoebe akaeleza kuwa kuchoma diski ni kuiandika kwa mwanga. Maelezo hayo hayakuingizwa kwenye kumbukumbu kwa sababu hakuwa mjumbe. Tuliunda Kamati Ndogo ya Moto, tukamwita Andati, askari wa msitu kule Isecheno, ambaye amezima mioto mingi. Aliinusa diski pande zote mbili.

"Haina moshi," akaripoti. "Kama iliungua, basi ni zamani sana."

Tukamshukuru kwa barua.

Nje, kwenye benchi, alikuwa Mama Maximilla, mkunga wa Navakholo, akitimiza wiki ya tatu ya kungoja. Zahanati isingejengwa kabla ya majina kusomwa.

"Bwana Katibu, wamama wanazalianga jikoni ya kanisa," akaniambia. "Juzi mmoja amepata mapacha kando ya sufuria ya obusuma, ugali wetu. Hiyo sahani yenu itaongea lini?"

"Suala linashughulikiwa," nikamjibu, nikajisikia nimemsaidia sana.

Mkuu alipokwenda semina Kisumu, Phoebe aliondoa kitambaa bila idhini. Aliweka diski ya kwaya iliyonunuliwa dukani: ikaimba. Akairudisha ya mpima: kimya. Akapangusa jicho la mashine kwa pamba na spiriti: kimya vilevile.

"Jicho ni zima," akasema. "Mpima alisahau kuifunga diski."

"Kuifunga na nini? Kamba?"

"Ni kama barua ambayo mwenyewe hajaimaliza, Bwana Katibu. Kompyuta yetu haiwezi kuisoma mpaka imalizwe."

Akaipeleka kwenye chuo cha misheni, walikokuwa na mashine ya kuchomea, wakaifunga. Akarudi kabla chai yangu haijapoa. Nikaandika kwamba Kamati Ndogo ya Moto imefaulu.

Mkuu aliporudi alifurahi mno. Akaagiza majina yasomwe kwa kipaza sauti, siku ya soko, pale pale Navakholo. Kabla ya kusomwa alitia sahihi amri: kila mvamizi abomoe kwa mikono yake mwenyewe ndani ya siku saba, bila rufaa.

"Hawa watu wamezoea kuhurumiwa," akaniambia. Nikagonga mhuri.

Siku ya soko ikafika. Phoebe akafungua diski.

"Moja," akasoma. "Bwana Osundwa. Baa na vyumba sita." Akatazama kioo cha laptopu. "Mbili... hakuna mbili."

Nilifahamu baadaye kwamba Mkuu alikuwa amemwagiza mpima asahau jina lake. Mpima alisahau kufunga diski tu.

"Katibu," Mkuu akaninong'oneza, "hiyo amri irudishe."

"Haina kifungu cha kurudishwa, Mkubwa. Uliniagiza nikiondoe."

Siku ya saba, saa tatu asubuhi, Mkuu alifika na nyundo, jasho likimtoka kabla ya kazi kuanza. Navakholo nzima ilikuwa imekuja. Mama Maximilla akamshika mkono kwa heshima zote, akamzungusha mpaka nyuma ya kaunta ya bia.

"Anzia hapa, Mzee," akamwambia. "Hapa ndipo watoto watazaliwa."