Lori Jipya la Taka Kubwa Lazinduliwa Mtaa wa Larch

Mheshimiwa Meya wa Jiji letu tukufu la Tillman Bay, ambaye ameshindwa kufika lakini ametuma picha yake, ile pale juu ya kigoda. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Baraza ya Usafi, Mandhari na Mwonekano. Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti wa kamati hiyo hiyo, ambaye ni mimi. Mchungaji Tolliver wa kanisa la kona. Waandishi wa habari, nyote wawili. Watumishi wenzangu mlioacha kazi zenu muhimu ofisini ili kuja kushuhudia kazi. Wazee wetu, akina mama, vijana, walipa kodi, na nyinyi wengine mliosimama huko nyuma kwenye theluji: nawasalimu kwa niaba ya Jiji, nawasalimu kwa niaba ya Idara, na mwisho kabisa, kwa unyenyekevu, nawasalimu kwa niaba yangu mwenyewe.

(Makofi kutoka safu ya mbele, walikoketi watumishi wa Idara.)

Kwa wale wachache wasionifahamu, jina langu ni Randall P. Dufresne, Naibu Mkurugenzi wa Idara ya Masalia ya Kaya yenye Ujazo Uliokithiri, idara ambayo katika enzi za giza, kabla sijateuliwa, ilikuwa ikiitwa kwa jina la aibu la Kitengo cha Taka Kubwa. Mchakato wa kubadilisha jina ulituchukua mwaka mzima, ulishirikisha wadau, ulifanyiwa tathmini na tathmini ya tathmini, na matunda yake yanaonekana kwa macho: malalamiko yanayofika Kitengo cha Taka Kubwa yameshuka hadi sifuri, kwa kuwa kitengo hicho hakipo tena na simu yake imekatwa.

(Makofi. Sauti kutoka nyuma: "Ndiyo maana tukipiga haipatikani!")

Nashukuru kwa pongezi hizo. Sasa, ndugu wananchi, nyuma yangu mnaliona lundo hili, lenye makochi manne, magodoro ambayo sitayahesabu kwa sababu yamegandana, friji, mashine ya kufulia, kabati lisilo na milango na milango isiyo na kabati, lililotandazwa kando ya barabara kuanzia hapa jukwaani, likapita mbele ya nyumba ya familia ya Pettway, hadi kule linakoishia kwenye lori letu jipya lenye utepe mwekundu. Nataka niweke kumbukumbu sawa kuhusu asili yake, maana watu wanasema mengi. Mwenye lile jengo la ghorofa la ng'ambo aliwatoa wapangaji wake mwezi wa Septemba, akavitoa na vitu vyao nje kama sheria inavyomruhusu, na kwa kuwa upande wake wa barabara ulikuwa na gari lake, akaviweka upande huu, ambao haukuwa na gari la mtu.

(Sauti ya mwanamke: "Haukuwa na gari, ulikuwa na mlango wangu!")

Asante sana, mama. Huyo, waandishi, ni Bi Eunetta Pettway, mlalamikaji wetu wa muda mrefu, ambaye Idara inamheshimu na kumtambua kwa sauti hata kabla hajajitambulisha. Mume wake, Mzee Delbert, yule pale barazani aliyefunikwa blanketi, alikatwa mguu kwa sababu ya sukari, anatumia kiti cha magurudumu, na mara tatu kwa wiki gari la kliniki huja kumchukua akasafishwe damu, maana figo zake zimechoka. Gari hilo hushusha ngazi yake ya mteremko ukingoni mwa barabara, na ukingo, kama mnavyoona, umeshikwa. Suala hili tunalifahamu. Tumelifahamu tangu Septemba. Naweza kusema bila woga kwamba katika jiji zima hakuna suala tunalolifahamu vizuri kuliko hili.

(Bi Eunetta: "Basi mbona jukwaa lenu mmeliweka penye upenyo? Majirani walituchimbia kaupenyo kamoja tu, na leo mmekasimamia!")

Nitalifikia hilo, mama, lipo kwenye maelezo ya baadaye.

Kuna wanaodai kwamba Idara haikuja. Uongo. Idara ilikuja mara tatu. Nyote mnaijua mila ya mji huu, niliyolelewa nayo na ninayojivunia: mtu akishafukua theluji mahali pa kuegesha gari lake, huweka kiti, na kiti hicho hakiguswi na jirani, hakiguswi na polisi, hakiguswi hata kama kimebaki miguu miwili. Kikosi chetu cha kwanza kilipofika hapa kilikuta nini juu kabisa ya lundo? Kiti! Kiti cha jikoni, cha njano, kimekaa wima kama mfalme. Vijana wetu, kwa nidhamu waliyofundishwa, wakavua kofia, wakageuza gari, wakaondoka.

(Sauti ya mwanamume: "Ilikuwa Septemba, bwana wee! Theluji ya Septemba uliiona wapi?")

Huyo ni Bwana Stan Wojtas, fundi bomba wa mtaa huu, na swali lake ni zuri. Jibu ni kwamba Idara haifanyi kazi kwa kuangalia hali ya hewa. Tuendelee. Bi Eunetta akakiondoa kiti, akapiga simu tena. Kikosi cha pili kikaja, kikakuta lundo halina kiti, maana yake halina mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe hatuwezi kukichukua bila ridhaa ya mwenyewe. Akashauriwa kitaalamu akirudishe kiti. Akakirudisha. Kikosi cha tatu kikaja, kikakikuta.

(Kicheko.)

Huo ndio utawala wa sheria. Mataifa mengine yanautamani.

Sasa niingie kwenye takwimu, maana uongozi bila takwimu ni maoni tu. Tulipoanzisha dashibodi yetu ya kidijitali ya ufuatiliaji wa masalia, kiwango cha kufungwa kwa malalamiko kilikuwa asilimia thelathini. Leo hii ninaposimama hapa kiwango hicho ni asilimia mia moja na nne. Mtauliza hizo nne zimetoka wapi. Ni za wakazi ambao bado hawajalalamika, lakini mfumo wetu umewafungia mapema ili wasipoteze muda. Lalamiko la familia ya Pettway peke yake limefungwa mara nyingi kuliko lalamiko lolote katika historia ya jiji hili, na kwa sababu hiyo nimepokea ngao ya ufanisi, ambayo ningewaonyesha, lakini imebaki nyumbani juu ya meko.

(Makofi kutoka safu ya mbele. Honi ya gari.)

Vilevile, ili tujifunze kwa waliotutangulia, mimi pamoja na wataalamu sita wa Idara na wake zao tulifanya ziara ya mafunzo huko Florida mwezi wa Januari, tukakagua kilomita nyingi za ufukwe, na hatukuona kochi hata moja limefunikwa na theluji. Tulirudi na hitimisho kwamba tatizo letu ni la kijiografia, na kwa hiyo lipo chini ya idara nyingine...

(Honi tena, ndefu. Gari la kliniki limesimama katikati ya barabara. Dereva wake anachungulia dirishani: "Jamani, Mzee Delbert namchukulia wapi? Kitanda chake kule kliniki kikipewa mwingine, leo hapati!")

Dereva, nakuomba uzime injini, tupo kwenye aya ya nne kati ya kumi na moja.

(Bi Eunetta: "Baba, nakusihi. Ijumaa alikosa kwa sababu ya theluji. Akikosa na leo, maji yatamjaa kifuani. Jana amelala ameketi, kila akijinyoosha anatweta. Sogeza jukwaa lako apite, kisha urudi uhutubie mpaka Krismasi.")

Mama, nakuelewa sana, na mimi mwenyewe hulala nimeketi, kwenye vikao vya bajeti.

(Sauti ya mwanamke mzee: "Mungu anakusikia, Randall.")

Naomba... naomba tusiingize dini. Jukwaa hili haliwezi kusogezwa hotuba ikiendelea, maana kipaza sauti kimeunganishwa, na picha ya Mheshimiwa Meya ingeanguka. Na kwa nini tuhangaike na jukwaa wakati suluhisho la kudumu lipo hapa hapa mbele ya macho yenu? Litazameni lori hilo! La kijani! Lenye mkono wa chuma wenye uwezo wa kunyanyua piano pamoja na mpiga piano! Ni lori la kwanza katika Mkakati Jumuishi wa Uwezeshaji wa Ukingo, mradi wa miaka kumi utakaoleta malori arobaini, vituo vinane vya uchambuzi wa makochi, na ajira zisizopungua...

(Stan Wojtas: "Kama lori lipo, tunangoja nini? Lipakieni! Dakika kumi tu mzee anapita!" Umati: "Lipakieni! Lipakieni!")

Bwana Wojtas, hamasa yako naipokea, lakini kupakia ni hatua ya mwisho katika mnyororo wa utekelezaji. Kwanza utepe haujakatwa. Mkasi upo njiani. Pili, lori halijapimwa. Tatu, mnaona vijana wangu waliovaa sare mpya pale, hawajapata mafunzo ya...

(Stan Wojtas: "Shika huko, Marisol. Moja, mbili, inua!" Yeye na jirani yake Marisol Batista wamenyanyua kochi. Wengine wawili wanakuja na godoro. Vijana wenye sare wanarudi nyuma.)

Wekeni kochi chini! Bi Batista, wewe ni mwalimu, huoni aibu? Nawaonya kwa upole! Ndugu wananchi, kwa kuwa muda umetutupa mkono naruka aya saba nije kwenye kaulimbiu. Nikisema "Ukingo", mnajibu "Safi". Ukingo!

(Umati: "Lipakieni!")

Ukingo!

(Umati: "Pisha, kijana!")

Tumeelewana. Sasa natoa shukrani, na naomba wanaobeba kochi wasimame wasikilize shukrani, hasa hizi. Kwa namna ya pekee naishukuru kamati ya gwaride la Sikukuu ya Shukrani, ambayo juzi tu ilipitisha lori hili barabara kuu, watoto wakalipungia mikono, na ikakubali kutuazima hadi saa kumi; nawashukuru mafundi wake walioliunda kwa mbao nyembamba na karatasi ngumu, wakalichorea magurudumu yanayofanana kabisa na magurudumu; Bwana Wojtas, narudia, karatasi! Nawashukuru vijana wa klabu ya maigizo ya shule ya sekondari waliokubali kuvaa sare na kusimama kama watu wanaokaribia kufanya kazi. Na ninalishukuru Baraza, ambalo litauombea fedha Mradi huu mara tu Mradi utakapoandikwa, na utaandikwa mara tu mtu atakapoufikiria, na yote hayo tungeyakamilisha kwa utulivu kabisa kama tu msinge... msilitupie! Msilitupie!

(Kishindo. Kochi limepasua ubavu wa lori na kutokea upande wa pili. Ndani hamna kitu, hata sakafu hamna. Ni ardhi tu yenye theluji, na ng'ambo yake linaonekana gari la kliniki.)

(Marisol Batista: "Eunetta! Mlete! Mlete apite humu humu!")

(Stan Wojtas na wenzake wanakanyaga mbao zilizobaki. Kiti cha magurudumu kinashushwa kutoka barazani, kinasukumwa mbele ya lundo, kinaingia ubavuni mwa lori. Mzee Delbert ameinamisha kichwa kukwepa utepe mwekundu. Bi Eunetta anatembea kando yake akiwa ameshika blanketi lisiguse theluji. Kiti kinatokea barabarani. Dereva anashusha ngazi. Umati unapiga makofi, na safu ya mbele, kwa mazoea, inapiga pia.)

Asanteni. Asanteni sana kwa makofi hayo. Waandishi, tafadhali mwandike kwamba dakika chache tu baada ya kuzinduliwa, lori la kwanza la Idara limemfikisha mkazi mlemavu kwenye huduma ya afya, jambo ambalo hakuna lori lingine la taka katika bara hili lililowahi kulifanya. Mzee Delbert, una neno lolote la shukrani kwa Idara?

(Mzee Delbert, mlangoni mwa gari, akitafuta pumzi: "Eunetta. Mwambie... narudi saa kumi na moja. Asije akauziba upenyo.")

Mmesikia wenyewe, mzee anaulizia huduma ya kurudi! Na sisi ni serikali sikivu. Kwa hiyo naagiza hapa hapa, mbele yenu, kwamba mabaki haya ya lori yasiguswe na mtu yeyote. Mbao zote, karatasi zote na huo mkono wa chuma, ambao ni wa bati, vikusanywe vizuri na kuwekwa pale pale penye uwazi, kando ya barabara, juu yake kiwekwe kiti, na Bi Eunetta atupigie simu.