Dakika Tatu za Kuungama Uwanja

Jumatatu, 3 Machi

Daktari anasema moyo wangu unafanya kazi kwa hisani tu. Wiki chache, labda. Basi nimeamua: sifi kabla sijaungama. Miaka thelathini na moja iliyopita mimi, Profesa Haldane wa uchumi, niliandika ripoti iliyolishawishi jiji letu lijenge uwanja wa besiboli kwa kodi ya wananchi. Niliahidi ajira elfu nne na mia mbili. Nilizitoa wapi? Kwenye kibao cha nyumba yangu. Namba 4200. Zikapatikana tisini, nyingi za kuuza soseji, miezi sita kwa mwaka. Sasa wenye timu wanasema uwanja umechakaa. Wanataka mpya, la sivyo wanahamia jimbo la Tennessee. Kesho halmashauri inasikiliza wananchi. Kila mtu dakika tatu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeshindwa! Nilianza na shahada zangu, kwa ajili ya heshima tu. Kufika ya pili, kengele ikalia. Mwenyekiti akanishukuru kwa elimu yangu. Bi. Pawlak, mwalimu mstaafu wa jiografia, jirani yangu hapa makao ya wazee, alicheka hadi meno ya bandia yakamtoka. Kisha akapanda yeye. Sekunde arobaini tu: maktaba inavuja, mashimo ya barabarani yana samaki, na nyinyi mnamwezekea bilionea paa! Ukumbi mzima ukasimama. Jiografia!

Jumamosi, 8 Machi

Halmashauri itasikiliza wananchi tena Jumanne, nami nimepata hila. Kanuni inamruhusu mtu kumwachia mwenzake dakika zake. Nimewaendea wazee saba, nimewagawia pudingi zangu za wiki nzima. Dakika ishirini na nne, pamoja na zangu! Bi. Pawlak akauliza nina lipi la kusema refu namna hiyo. Nikamjibu ni jambo kati yangu na Mungu. Akasema basi nimwambie Mungu, Yeye hana kengele.

Kutembea vyumba saba kumenimaliza.

Jumanne, 11 Machi

Nimesalitiwa. Mlangoni wenye timu walikuwa wakigawa kofia na karanga bure. Pudingi ikasahauliwa. Kila mzee akadai dakika zake. Osterman alizimaliza zote akisimulia mpira alioudaka mwaka 1961. Nikabaki na tatu zangu. Nikaanza na dhambi yenyewe: niliwadanganya, zile ajira nilizibuni. Ghafla makofi! Mwenyekiti alifuta machozi, akasema jiji halijapata kumsikia mtaalamu mkweli. Gazeti likanipiga picha. Bi. Pawlak akanishika mkono, mara ya kwanza. Akasema sasa naweza kufa vizuri, mzee wake.

Nimechoka. Lakini ni uchovu mtamu.

Ijumaa, 14 Machi

Amekuja Bi. Castellano, mwakilishi wa wenye timu. Ana adabu sana. Akasema ripoti ya uwanja mpya inahitaji mtu ambaye wananchi wanamwamini, na tangu Jumanne, yupo nani mwingine? Nikakataa. Akasema jina langu litakaa kwenye jalada, peke yake. Nikakataa kwa sauti ya chini kidogo. Akasema kwa herufi za dhahabu.

Bi. Pawlak alisimama mlangoni akaniuliza kama nimerogwa. Nikamtuliza. Nikamweleza kwamba safari hii sikubuni kitu, nimefanya utafiti: nimemuuliza Bi. Castellano mwenyewe anataka ajira ngapi.

Elfu saba, kasema. Nimeandika elfu sita na mia tisa. Mtu aliye karibu na kaburi hana budi kuwa mwangalifu.