Shikamoo Iliyokimbiwa

Leo nimeaibika, na soko zima la Kakamega ni shahidi.

Ndugu zangu wa Kilosa, mnaonitambulisha kwa watu kama "yule anayesoma ng'ambo", naomba mpunguze. Ng'ambo yenyewe nilifika kwa basi. Hakuna theluji. Kuna mvua karibu kila alasiri, mahindi ya kuchoma, na ugali mgumu ambao wenyeji wanauita obusuma na wanaukata kama sabuni ya mche. Huu ni mwaka wangu wa tatu, na kitu pekee cha kigeni kinachonisumbua ni kwamba huku hakuna anayedai shikamoo. Unamwamkia mama wa miaka sitini kwa heshima zote, naye anakujibu, "Mzuri sana." (Mwaka wa kwanza iliniuma. Sasa inaniwasha tu.)

Nekesa mnamjua. Tunasoma darasa moja, kwao ni Likuyani, na Jumamosi hii nakwenda huko kutambulishwa. Baba yake hataki kabisa habari ya mkwe kutoka nchi nyingine. Mama yake ndiye aliyesema nije kwanza nionekane. Kwa hiyo ndoa yangu inategemea kura moja, ya mwanamke ambaye sijawahi kumwona hata kwenye picha.

Jumapili Nekesa alinikalisha akanipa masharti.

"Mama mkwe haguswi. Humpi mkono, humkaribii, humwangalii usoni. Mkikutana njiani, kila mtu anaenda upande wake."

"Sababu?"

"Heshima."

"Heshima gani ya kukimbiana? Kwetu kumpita mama bila shikamoo ndiyo matusi."

"Hapa tunaheshimianga kwa umbali, Gasto."

"Basi nionyeshe hata picha nimjue."

"Ya nini? Yeye ashaona yako. Inatosha."

Nikamweleza kwamba desturi isiyoweza kujitetea kwa hoja ni mazoea tu. Nilimpa na mifano mitatu. (Nina cheti cha mashindano ya mijadala, nadhani mnakumbuka.) Akaniangalia kama mtu anavyoangalia nguo zake kwenye kamba mvua ikianza.

Leo asubuhi nikaenda mjini kunyoa kwa ajili ya hiyo Jumamosi. Natoka kwa kinyozi, kichwa kinang'aa, namwona mbele yangu mama wa makamo. Mkononi ana kikapu, kwapani jogoo mwekundu, begani leso, ambayo kwetu ni kanga. Tukatazamana. Akasimama papo hapo, akajifunika leso usoni, akageuka akarudi alikotoka.

Mtu mwenye akili zake angeendelea na safari. Mimi nikaanza kujiuliza maswali. Kwa nini mama mzima ageuke vile? Nikatazama kikapu. Kimejaa mpaka viazi vinachungulia nje. Nikapata jibu: amechoka, na anaona aibu kuomba msaada.

"Shikamoo mama," nikaita. "Lete nikubebee."

Akaongeza mwendo.

Nami nikaongeza. Huku natembea nafikiri. Labda anadhani mimi ni mbeba mizigo, nitamtoza. Nikapaza sauti.

"Ni bure, mama."

Hapo ndipo alipoanza kukimbia.

Akaingia kwenye duka la magodoro. Nikasimama mlangoni, mikono nyuma, kama mwanafunzi mwema. Mwenye duka akanijia.

"Kijana, unataka nini na huyu mama?"

"Kumwamkia."

"Kumwamkia tu?"

"Na kumbebea kikapu."

"Na yeye anataka?"

Swali zuri. Sikuwa nimelifikiria. (Cheti cha mijadala, nawakumbusha.) Kabla sijajibu, jogoo akachomoka kutoka nyuma ya magodoro, peke yake, kamba ya mguuni inaburuta, akapita katikati ya miguu yangu na kuingia sokoni.

Nikaona hii ndiyo nafasi ya kueleweka. Mama akirudishiwa jogoo wake atajua mimi si mtu mbaya. Nikamfuata. Tukapita kwenye nyanya. Tukapita kwenye mitumba, nikatoka na sidiria begani ambayo sikuichagua. Watu wakaacha biashara.

"Mzungukie huku nyuma!"

"Atamshika saa ngapi? Sikia anavyombembeleza. Anamwambia jogoo tafadhali."

"Ni Mtanzania huyo. Hawa hawashikangi kuku bila ruhusa."

Nikamkamata chini ya meza ya muuza dagaa, ambao huku wanaitwa omena. Kichwa nilichotoka kunyolewa kikatoka pale na omena wanne. Sikujali. Nilikuwa na jogoo.

Mama naye alikuwa ametokea mlango wa nyuma wa duka. Nikamkuta amechuchumaa katikati ya magunia ya mkaa, ameligeuzia soko mgongo, leso imefunika kichwa chote. Nikasema moyoni, maskini, kumbe ni mgonjwa. Nikainama. Jogoo nimemshika kwa mkono mmoja, kwa mwingine nikamshika mama kiwiko.

"Shikamoo mama. Jogoo wako huyu hapa."

Soko likanyamaza. Sikujua kwamba soko linaweza kunyamaza.

Kutoka ndani ya leso mama akazungumza, lakini si na mimi. Alizungumza na mwanamke anayeuza mkaa, aliyekaa hatua mbili kutoka pale.

"Dada, mwambie huyo kijana aniachilie mkono."

Muuza mkaa akanigeukia. "Amesema umwachilie mkono."

"Nimesikia." Nikamwachilia. "Mwambie nilikuwa namwamkia tu."

"Anasema alikuwa anakusalimia."

"Mwambie nilisikia tangu kwa kinyozi."

"Amesema alisikia tangu kwa kinyozi."

"Sasa mbona haitikii?" nikauliza. (Ndiyo, niliuliza. Nina omena kichwani na bado nadai hoja.)

Mama akavuta pumzi ndefu.

"Dada, mwambie mimi ni mama ya Nekesa. Mwambie tena hiyo jogoo ni yake, ya kumpikia Jumamosi."

Muuza mkaa hakunifikishia ujumbe. Alikaa juu ya gunia, akajishika mbavu, akacheka mpaka machozi yakamchorea michirizi kwenye vumbi la mkaa. Habari ikaanza kutembea bila yeye, kutoka meza hadi meza.

"Ni mkwe wake."

"Amemgusa?"

"Kiwiko."

"Mungu wangu. Kiwiko gani?"

Kwetu ukimkosea mama, unapiga magoti na kuomba radhi, na ndivyo mwili wangu ulivyofanya wenyewe. Nikapiga magoti palepale, karibu naye kuliko mwanzo. Mama akajisogeza mpaka akaminywa na gunia. Nyuma yangu mtu mmoja akasema kwa upole, "Sasa anaongeza."

Nikamkabidhi muuza mkaa jogoo, nikamrudishia mwenye mitumba sidiria yake, nikatembea hadi chumbani kwangu mtaa wa Amalemba. Nikajifungia. Nimekaa kitandani saa nne nzima nikipanga namna ya kuwaambia wazazi kwamba hakuna tena ndoa, na sababu ni shikamoo.

Sasa hivi Nekesa amepiga simu.

"Gasto, umemshika mama?"

"Kiwiko."

"Mbele ya watu?"

"Watu walikuwepo, siwezi kukataa."

Nikasikia mtu anacheka kwa nyuma, sauti nzito.

"Nani huyo?"

"Ni baba. Amekuwa hivyo tangu mama arudi. Amemfanya asimulie mara tatu."

"Na mama?"

"Mama hajacheka."

"Amesema nini, Nekesa?"

"Amesema kwanza utaleta kondoo, kabla ya kukanyaga boma. Hiyo ndiyo hufanyika mtu akimgusa mama mkwe."

"Nitaleta."

"Halafu amesema adabu unayo. Shida ni kwamba adabu yako ina mbio."

Nikauliza kama hiyo ni ndiyo au hapana. Akasema ni ndiyo, ila kwa mpango mpya. Jumamosi mimi nitakaa nyumba ya kando na wanaume. Mama atakuwa jikoni, mlango umefungwa. Na mjomba mmoja, aliyewahi kuwa mlinzi wa mafahali ambao huku hupiganishwa kwa mchezo, amepewa kazi moja tu siku nzima: kukaa karibu yangu na kunishika.

Nimekubali bila kuuliza sababu. Atakayecheka humu kundini, namtoa.