Bajaji ya Mahari

Ndugu Afisa Mwenye Dhamana ya Bajaji,
Halmashauri Yetu,
Bariadi.

YAH: KUIHAMISHIA BAJAJI YETU KITENGO CHA MIFUGO

Mwangaluka, Ndugu Afisa. Kama unaisoma barua hii baada ya chakula cha mchana, basi mwadila. Naitwa Deogratias Malimi, mkulima wa pamba na mwenye bajaji ya bluu ambayo mwanangu Masunga huiendesha kutoka stendi kwenda hospitali. Naandika kwa heshima zote, ingawa mke wangu Milembe amesikia mistari hii ya mwanzo na kusema heshima imezidi.

Masunga anataka kumwoa Gloria, binti wa Mzee Mayala wa Migato. Wanapendana mpaka inatia aibu kuwatazama. Ng'ombe wetu tuliwauza wakati wa ukame tukanunua bajaji, kwa hiyo tulimwomba Mzee Mayala aipokee hiyo bajaji iwe mahari. Mzee ni mtu wa soko huria, akakubali. Alituma wazee wenzake waje kuikagua, kama ng'ombe wa mahari wanavyokaguliwa. Waliizunguka, wakapapasa matairi, wakachungulia taa, wakaamuru itembezwe waone kama inachechemea. Mmoja aliuliza inakunywa mara ngapi. Wakaridhika. Ndipo kanuni zako mpya zikabandikwa ukutani, na mimi malalamiko yangu ni haya:

1. Mstari. Umeagiza kila bajaji ipakwe mstari wa rangi ya njia yake, na yetu imepangiwa njano. Wazee wa Migato walikagua bajaji ya bluu tupu. Ng'ombe wa mahari hutajwa kwa rangi yake, na akifika ana baka ambalo halikutajwa, mkwe anajua amebadilishiwa. Nitaitwa tapeli mbele ya wakwe kwa sababu ya kopo moja la rangi.

2. Mpaka. Kanuni inasema bajaji isitoke nje ya mji. Migato iko Itilima, wilaya nyingine. Kijana mmoja wa ofisini kwako alinishauri niipakie kwenye lori la Kanta. Nilimshukuru, maana bado hajaoa na hajui. Kwa ukoo wa Mzee Mayala, ng'ombe wa mahari huingia zizini kwa miguu yake mwenyewe. Akiletwa amebebwa, wanamhesabu mgonjwa na kumrudisha. Bajaji ikishushwa kwenye Kanta pale Migato, shangazi yake Gloria, Bi Nyanjige, ataipapasa taa ya mbele na kuuliza imeugua nini.

3. Kibali. Bi Eufrasia wa masjala alinitafutia kwenye kila kabati, akasema hakuna kibali cha bajaji inayokwenda kutolewa mahari. Lakini mlango wa pili ni Mifugo, na huko vibali vya kuswaga ng'ombe kuvuka wilaya viko tele. Hapo akili ikanifunguka. Naomba bajaji yetu ihamishiwe Mifugo. Imekwisha kukaguliwa na wazee wa ng'ombe. Inalala zizini, kwa kuwa zizi liko tupu. Asubuhi inatoka, jioni inarudi, na isiporudi tunakwenda kuitafuta. Milembe huisemesha. Tena ng'ombe wa mji huu wanakatiza barabara kuu, wanaingia bustani ya ofisi yako na kula maua, na sijamwona hata mmoja aliyepangiwa njia.

4. Ukikubali, sitakwepa wajibu wowote wa mfugaji. Itavishwa hereni ya namba ya ng'ombe kwenye kioo cha pembeni. Itapelekwa josho, na abiria asiyependa kuogeshwa atashuka kwanza. Daktari wa mifugo akiona lazima chanjo, achanje kiti cha nyuma, ndicho kinene. Masunga ataiswaga kwa fimbo mkono mmoja huku akiiendesha kwa mkono mwingine. Nimemwona akijaribu, na kwenye tambarare inawezekana.

5. Usipokubali, basi itangazeni Migato kuwa mtaa wa mjini kwa siku ya harusi tu. Wakazi hawatadhurika. Wataamka wanakijiji, watashinda watu wa mjini, watalala wanakijiji tena, na wengi hawatagundua.

Ninacheka ninapoandika, lakini naogopa. Kuna mfanyabiashara wa samaki wa Lamadi, anaitwa Januarius, ameanza kupita Migato na pikapu. Pikapu yake haina mpaka, na kila ikipita inaacha sangara nyumbani kwa Mzee Mayala. Mzee ni muungwana, ila sangara ni mtamu. Mwanangu siku hizi hali chakula vizuri, na abiria wa hospitali anawashusha sokoni. Nampenda mwanangu, Ndugu Afisa. Sitaki ampoteze Gloria kwa ajili ya mpaka ambao hata mbuzi hawaujui.

6. Yote yakishindikana, naomba kanuni iwaguse na sangara. Nao wasitoke Lamadi.

Natumaini utanijibu kabla ya Kwaresima, maana ikianza Padri hatatufungia ndoa. Wabeja sana. Nisalimie Bi Eufrasia, mlinzi wa getini, kijana wa Kanta, na wale ng'ombe wa bustanini kwako.

Ndimi mfugaji mtarajiwa wa bajaji moja,
Deogratias Malimi

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, Gloria ameshuka kwenye basi na sanduku lake, na baba yake nyuma amejitwisha godoro. Gloria anasema yeye si mzigo wa kungoja kibali, na sangara amewachoka mpaka harufu. Mzee Mayala naye anasema kama Serikali imekataza, sisi hatuna kosa. Ndoa ifungwe, bajaji itakwenda Migato siku kanuni itakapofutwa. Mpaka siku hiyo iendelee kubeba abiria hapa hapa kwetu. Kwa hiyo, Ndugu Afisa, yote niliyoandika hapo juu naomba uyachane. Kanuni ni nzuri sana, na isiguswe maisha yangu yote. Milembe anauliza kama mna mpango wa kujenga geti pale mpakani. Matofali tutatoa sisi.