Mtutu wa Miaka Elfu Tatu

Hotuba iliyotolewa na Ndugu Bartholomayo, Mratibu Mkuu Msaidizi wa Mradi wa Mtutu Imara, mbele ya wananchi wa kijiji cha Kandamila, ufukwe wa Ziwa Nyasa, 1996

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Katibu Tarafa uliyemtuma mwakilishi, Ndugu Mwakilishi wa Katibu Tarafa, ambaye naambiwa uko njiani, Baba Kasisi wa hapa ufukweni, pamoja na Padre uliyeteremka kutoka Litembo kwa pikipiki na vumbi lako lote, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Mabalozi wa Nyumba Kumi, Viongozi wa vyama vyote vya siasa, vilivyosajiliwa na vinavyotafuta kalamu ya kujisajili, Wafanyabiashara wa soko huria, wavuvi wa usipa, wakulima wa mpunga, na ninyi mliokaa juu ya ukuta wa zahanati, ingawa ukuta ule haukujengwa kwa shughuli hiyo, Mabibi na Mabwana. Wazee wangu, shikamooni! (Marahaba.) Upande wa kushoto sikuwasikia. (Marahaba!)

Kabla sijasema lolote, nianze kwa kusema. Mnakumbuka kwamba mwaka juzi mlifika ofisini kwangu mkilia kwamba kiboko anatoka ziwani kila jioni, anapanda majarubani na kula mpunga kama aliyelipia chakula. Mkanieleza kwamba kijiji kinayo bunduki moja, raifo, inayotunzwa na Mzee Raimundi, isipokuwa haina risasi. Mkaomba risasi. (Ndiyo! Tuliomba risasi!) Sasa mtumishi wa kawaida angefanya nini? Angewapa risasi. (Makofi.) Hapana, msipige makofi hapo, hapo namlaumu. Mimi nikajiuliza kitaalamu: hizo risasi zitapita wapi? Zitapita kwenye mtutu. Na je, huo mtutu umefanyiwa fizibiliti stadi, yaani upembuzi yakinifu? (Watu wanatazamana.) Mnaona? Ndipo nilipokuja mwenyewe, katika gari lililokwama mara mbili mtoni, nikaichukua bunduki yenu kwa ajili ya vipimo, nikaahidi kurudi. Na leo Bartholomayo amerudi! (Makofi, vigelegele. Mzee Raimundi anasimama, ameshika kitambaa chake cha kufutia bunduki.)

Kaa kwanza, mzee wangu. Tutafika huko kwa mtiririko.

Ndugu wananchi, zamani mtutu ulikuwa mtutu. Ulikuja mmoja, ukaupokea, ukashukuru. Lakini sasa tupo katika zama za mageuzi, zama za ruksa, zama ambazo hata sabuni inakuja kwa rangi tano na mtu anasimama dukani akiwaza. Mitutu nayo ni hivyo hivyo. Upo mtutu wa kawaida, wa chuma cha kawaida, ambao ukipiga risasi nyingi unalika kwa ndani, risasi inaanza kwenda inakotaka yenyewe. Na upo mtutu imara, uliopakwa kromu ndani, unaong'aa kama kikombe cha komunyo, Baba Kasisi uniwie radhi, nao bei yake ni mara tatu. Swali likaja: je, ule uimara unalingana na ile bei? Swali hilo lilininyima usingizi katika semina ya Mbeya. Likaninyima usingizi tena katika warsha ya Arusha. Na huko Dar es Salaam, hotelini, ingawa kitanda kilikuwa kipana na feni ilikuwa inazunguka, nawaambieni sikulala vizuri hata kidogo. (Sauti: Pole!) Asante. Ndiyo mzigo wa uongozi.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo elimu inapoingia. Mtutu wa kawaida unastahimili risasi elfu tano. Mtutu imara unastahimili elfu kumi na tano. Kandamila, katika mwaka mzuri, inapata risasi tano. Kwa hiyo mtutu wa kawaida ungedumu hapa miaka elfu moja tu. Elfu moja! (Minong'ono.) Halafu tuwaachie nini wajukuu? Aibu? Mtutu imara unadumu miaka elfu tatu, ndugu zangu, na hata parapanda ikilia mapema, bado utakuwa na akiba ya kutosha kwa atakayehitaji kupiga risasi baada ya hapo. Huo ndio uendelevu. (Makofi machache.)

Naona mama kanyanyua mkono. Nani? Mama Asteria. Haya, mama, kwa kifupi, na ujikite katika mtutu.

(Mama Asteria: Ndugu Mratibu, shikamoo. Mimi mpunga wangu umeshaanza kuinama, wiki ijayo tungeingia kuvuna. Jana kiboko amefika hadi ukingoni mwa jaruba, nyayo zake zipo. Mwaka jana alimaliza lote, wanangu wakala mihogo niliyoomba kwa dada yangu kule Ukata, na dada mwenyewe ana watoto. Sasa safari hii sina pa kuomba tena. Leo jioni nafanyaje?)

Swali zuri sana! Mpigieni makofi. (Makofi.) Hili ndilo tunaloita patisipetori, yaani ushirikishwaji. Nimelipokea, nitalifikisha kwa wataalamu, ambao ni mimi, na jibu lake litatolewa katika fezi ya pili. Kwa sasa tupo fezi ya kwanza, ambayo ni ya kutafakari. Lakini, mama yangu, usione nalipita. Moyo wangu umechomwa. Ninachokuomba ni kuupanga mpunga wako uendane na ratiba ya mradi.

(Sauti: Kiboko naye kapewa ratiba?)

Huyo aliyesema hivyo nimemwona, ana shati la bluu, na namjibu bila hasira. Tulitaka kuwashirikisha wadau wote, viboko wakiwamo. Tulikaa ufukweni na viti vyetu kuanzia asubuhi hadi chakula cha mchana. Hawakutoa ushirikiano. Hata hivyo takwimu zetu zinaonyesha kwamba tangu bunduki ichukuliwe kwa vipimo, hakuna kiboko hata mmoja aliyekoswa na risasi kwa sababu ya mtutu mbovu. Hata mmoja! Nionyesheni wilaya nyingine yenye rekodi hiyo. (Kicheko kirefu. Mwenyekiti anaomba utulivu.)

Wapo wanaosema, na majina ninayo, kwamba mtutu wenu wa zamani haukuwa na tatizo lolote. Mzee Raimundi mwenyewe alinieleza hivyo siku ile, huku akiuchungulia ndani kwa jicho moja. Nami nikamjibu, mzee wangu, mtutu kuwa mzima ni jambo moja, na mtutu kuthibitishwa kuwa mzima ni jambo lingine, tena lenye posho. Basi leo, kwa heshima niliyopewa, ninayo furaha kuwatangazia uamuzi wa Kamati, uliofikiwa kwa kauli moja, kwa sababu wajumbe wengine walikuwa wameshakwenda kula. Uamuzi ni huu: ndiyo! Mtutu imara una thamani ya gharama yake! (Vigelegele. Sauti: Uleteni basi! Mzee Raimundi anasimama tena.)

Mtutu Imara! (Imara!) Mpunga Bora! (Bora!) Kiboko Kwao! (Kwao!) Uchangiaji wa Gharama! (Kimya.) Uchangiaji wa Gharama! (Mwenyekiti peke yake: Juu!)

Sasa shukrani, maana asiye na shukrani hafai kupewa gari. Nimshukuru mfadhili wa mradi huu, atakapopatikana. Niwashukuru watengenezaji wa mtutu imara, ambao hawajatujibu, na ni haki yao, kwani hatujawaandikia. Kwa namna ya pekee nimshukuru Bwana Baltazar, mfanyabiashara wa mjini Songea, ambaye katika mnada wa wazi, uliohudhuriwa na yeye peke yake, aliinunua ile raifo ya Kandamila, na fedha zile zikagharimia Mbeya, Arusha, Dar es Salaam na kitanda nilichowaeleza. Bila kuiuza ile bunduki, ndugu zangu, tusingejua kamwe inafaa kuwekewa mtutu gani.

(Kelele kutoka upande wa majaruba. Mama Asteria anaokota debe tupu na fimbo, anakimbia. Akina mama wanamfuata, kisha wavuvi, kisha Baba Kasisi.)

Akina mama, mnakwenda wapi? Kuna picha ya pamoja! Kiboko? Saa hizi, jua likiwa bado juu? Huko ni kukosa nidhamu ya mkutano! Mheshimiwa Diwani, wewe pia? Padre, angalau pikipiki iache. Basi, Mzee Raimundi, wewe baki, ripoti inahitaji picha ya makabidhiano. Simama hapa karibu yangu, tabasamu, nyoosha mikono mbele, vizuri, halafu ishike bunduki tu, kana kwamba ipo.